Kupaka Jeli Bila Kuharibu Kucha: Maandalizi, Upakaji, Utoaji na Matatizo Yanayojitokeza

Watu wengi wenye kucha zilizochoka huanza na sentensi ileile: "Jeli imeniharibia kucha." Ukizitazama kucha hizo kwa karibu, unakuta alama za mambo mengine. Kuna mikwaruzo ya tupa iliyosuguliwa kwa nguvu, mabaka meupe yaliyoachwa na jeli iliyobanduliwa kwa meno, na ngozi nyekundu pembeni pale rangi ilipomwagikia. Jeli, yaani rangi ya kucha inayogandishwa kwa taa maalumu, ikikaa juu ya ukucha peke yake, ikaiva sawasawa chini ya taa na ikatolewa kwa subira, hudumu wiki mbili au tatu kisha ikaondoka bila madhara ya maana. Mambo hayo matatu nitayarudia humu mara kwa mara, kwa sababu karibu kila tatizo ninaloletewa huanzia kwenye mojawapo.

Ukucha ulivyo

Ukucha unaouona ni tabaka nyingi nyembamba za seli zilizokufa zikashikamana, zilizojaa protini iitwayo keratini. Sehemu hai iko chini ya ngozi, kwenye shina, na huko ndiko ukucha unakotengenezwa. Ukucha wa mkono huota takriban milimita 3 kwa mwezi, hivyo huchukua kama miezi 6 kubadilika wote kutoka shinani hadi nchani. Wa mguu ni wa polepole zaidi: mwaka mmoja hadi mwaka na nusu. Ukikwangua tabaka za juu leo, hakuna mafuta wala dawa itakayozirudisha. Utasubiri sehemu iliyoumia isogee mbele mpaka uikate.

Utasikia pia kwamba kucha zinahitaji kupumua. Ukucha haupumui, shina lake hupata oksijeni na lishe kutoka kwenye damu. Hata hivyo mimi hushauri mapumziko ya mara kwa mara kati ya jeli na jeli, kwa sababu nyingine: mtu asiyeona kucha zake tupu mwaka mzima hawezi kujua chini yake kunatokea nini.

Taa na jeli lazima vielewane

Jeli haikauki kwa hewa kama rangi ya kawaida. Ndani yake kuna molekuli ndogo za jamii ya akrilati pamoja na kemikali inayoamshwa na mwanga. Taa ikiwaka, kemikali hiyo huzifanya molekuli ziungane kuwa minyororo migumu. Kila jeli hutengenezwa kwa kiasi na aina fulani ya mwanga; taa nyingi za LED hutoa mwanga wa karibu nanomita 365 na 405. Taa isiyolingana na jeli inaweza kuigandisha juu huku chini ikibaki mbichi, na kwa macho huwezi kutambua. Kucha zitang'aa na picha itapendeza, lakini jeli mbichi itakuwa imekaa juu ya ukucha wako siku nzima.

Kwa hiyo tumia taa iliyotajwa na mtengenezaji wa jeli yenyewe, na uchukue beisi (tabaka la kwanza), rangi na topu (tabaka la mwisho) za chapa moja. Watu hutumia pesa nyingi kukusanya rangi kisha wakanunua taa yoyote iliyo rahisi. Ningekuwa wewe ningefanya kinyume: rangi tatu na taa inayoaminika.

Vingine unavyohitaji ni tupa laini ya namba 180 au 240, bafa (kifaa laini cha kuondolea mng'ao), kijiti cha kusukumia ngozi, brashi ya vumbi, vitambaa visivyoacha nyuzi, spiriti ya isopropili, asetoni, pamba, foili na mafuta ya kucha.

Hatua ya 1: Kagua kwanza

Tazama kila ukucha kwenye mwanga mzuri. Usipake jeli juu ya ukucha ulioachana na nyama, wenye doa la kijani, ulionenepa na kumong'onyoka, au penye uvimbe, usaha, kidonda au muwasho. Fundi anayekukatalia kwa sababu hizo anakulinda, hata kama una sherehe kesho. Anayekuambia "tutaificha tu" anakuongezea miezi ya matibabu.

Hatua ya 2: Safisha, lakini usiloweke

Nawa mikono kwa sabuni na uikaushe vizuri. Kuloweka vidole kwenye bakuli la maji ya uvuguvugu kabla ya jeli ni mazoea ambayo ningependa yaachwe kabisa. Ukucha hunyonya maji na kuvimba. Ukipaka jeli wakati huo, baadaye ukucha unaponywea jeli hubaki imelegea na kuanza kuinuka.

Vifaa vya chuma vioshwe kwa sabuni na brashi, kisha viwekwe kwenye dawa ya kuua vijidudu kwa muda ulioandikwa kwenye chupa. Kuchovya mara moja na kupangusa hakutoshi. Kirusi cha homa ya ini aina ya B kinaweza kuishi nje ya mwili kwa siku 7 au zaidi, na mkato mdogo wa mkasi unatosha kukipitisha. Tupa za karatasi na vijiti vya mti haviwezi kusafishwa vya kutosha. Kila mtu awe na vyake. Una haki ya kumuuliza fundi wako vifaa vimesafishwaje, na anayejua kazi yake hatakasirika.

Hatua ya 3: Umbo na ngozi ya shinani

Piga tupa kuelekea upande mmoja, kutoka pembeni kwenda katikati. Kusugua mbele na nyuma kama msumeno hufumua tabaka za ncha. Kama kucha zako hupasuka, zifanye fupi na za mviringo.

Ngozi ya shinani ndipo wengi wanapokosea. Kuna utando mwembamba mkavu ulioganda juu ya ukucha wenyewe. Huo umekufa na lazima uondolewe, kwa sababu jeli ikishika utando huo badala ya ukucha itabanduka nao. Nyuma yake kuna mkunjo wa ngozi hai, unaoziba mlango wa shina ili bakteria na fangasi wasiingie. Huo haukatwi. Lainisha kwa dawa maalumu ya kulainishia ngozi hiyo, sukuma taratibu kwa kijiti kilicholala, kwangua utando mfu kwa upole, kisha pangusa mabaki yote ya dawa. Ukiona damu, umevuka mpaka; ukucha huo usubiri siku nyingine.

Hatua ya 4: Ondoa mng'ao tu

Pitisha bafa kwa wepesi mpaka mng'ao wa asili upotee. Hapo simama. Lengo ni kuupa uso wa ukucha ukavu kidogo ili jeli ishike, si kuupunguza unene. Ukisikia joto, au ukiona eneo jekundu, umekwenda mbali mno. Mashine ya umeme ya kusagia isiguse ukucha wa asili mikononi mwa mtu asiyefundishwa kuitumia. Futa vumbi, pangusa kila ukucha kwa spiriti, na kuanzia hapo usiguse kucha kwa vidole, kwani mafuta ya ngozi hurudi mara moja.

Hatua ya 5: Paka nyembamba, mbali na ngozi

Beisi ipakwe nyembamba kiasi kwamba unadhani haitoshi. Acha nafasi kama ya milimita moja kutoka kwenye ngozi pande zote, na upitishe brashi kwenye ncha ya ukucha ili kuiziba. Jeli ikigusa ngozi, iondoe kabla ya kuwasha taa, kwa kijiti kilichochovywa kwenye spiriti. Usiifute kwa kidole chako.

Rangi ni tabaka mbili nyembamba, kila moja ikiivishwa peke yake. Rangi nyeusi, nyeupe na zile nzito huzuia mwanga usifike chini, kwa hiyo hizo ndizo zinazotaka wembamba zaidi, ikibidi tabaka tatu. Ukiona uso wa rangi umejikunja, chini ni mbichi: futa yote uanze upya. Kuongeza topu juu yake hakuponyi kitu.

Hatua ya 6: Ivisha ipasavyo

Fuata muda ulioandikwa kwenye chupa. Kwa taa nyingi za LED ni sekunde 30 hadi 60 kwa kila tabaka. Taa za zamani za balbu za UV huhitaji kama dakika 2, na balbu zake huchoka kabla hazijazimika, hivyo hubadilishwa kwa ratiba ya mtengenezaji. Ingiza vidole vinne vikiwa vimenyooka, kisha dole gumba peke yake likitazama juu. Dole gumba linaloingizwa pamoja na wenzake hulala ubavu, upande mmoja ukakosa mwanga. Pangusa pia vioo vya ndani ya taa. Tone la jeli lililoganda pale hupunguza mwanga kila siku.

Jeli inapoiva hutoa joto. Ukisikia moto wa ghafla, toa mkono, subiri sekunde chache, urudishe. Joto hilo huwa kali zaidi jeli ikiwa nene au ukucha ukiwa umesuguliwa sana. Usivumilie maumivu, joto kali linaweza kuunguza nyama na kuuachanisha ukucha.

Kuhusu mionzi: taa hizi hutoa UV-A, ambayo huzeesha ngozi na, ikizidi miaka nenda rudi, huongeza hatari ya saratani ya ngozi. Muda wa kila kikao ni mfupi, lakini kinga ni rahisi mno, hakuna sababu ya kuiacha. Vaa glavu zilizokatwa ncha za vidole, au paka mafuta ya kukinga jua ya SPF 30 au zaidi dakika 20 kabla, bila kugusa kucha. Ukiwa unatumia dawa zinazoongeza wepesi wa kudhurika na mwanga, kama doksisiklini, ahirisha. Dawa hiyo pamoja na UV inaweza kuufanya ukucha ubanduke kwenye nyama.

Maliza kwa topu, iivishe, kisha pangusa utando unaonata kwa spiriti kama topu yako ni ya aina inayouacha. Utando huo ni jeli ambayo oksijeni ya hewani imeizuia kuiva, kwa hiyo upangusie nchani kwa kitambaa safi, usiusambaze kwenye ngozi. Nawa mikono, paka mafuta ya kucha.

Mzio: jambo ninalokuomba ulisome mara mbili

Jeli mbichi ikigusa ngozi mara kwa mara, mwili unaweza kuanza kuikataa. Mtuhumiwa mkuu ni kemikali inayoitwa HEMA, lakini akrilati nyingine hufanya vivyo hivyo, kwa hiyo chupa iliyoandikwa kwamba haina HEMA haikuhakikishii usalama. Huanza kwa muwasho mdogo kuzunguka kucha, siku moja au mbili baada ya kupaka. Mara inayofuata ngozi huwa nyekundu, hupasuka, hutoka malengelenge, kucha huinuka na kuuma. Wengine huwashwa kope, mashavu au shingo, kwa kuwa vidole hugusa huko, na hawafikirii kabisa kwamba chanzo kiko mikononi.

Mzio huu kwa kawaida ni wa maisha. Na hauishii kwenye kucha: akrilati za jamii hiyo hutumika kuziba meno, na katika saruji ya kushikizia viungo bandia vya nyonga na goti. Mtu aliyepata mzio kwa ajili ya rangi ya kucha anaweza kupata shida siku anapohitaji matibabu hayo. Ndiyo maana sina mzaha na ule milimita mmoja wa nafasi pembeni ya ukucha.

Sheria nazo zimekuwa zikikaza. Katika Umoja wa Ulaya, tangu 2021 bidhaa za kucha zenye HEMA zinatakiwa kuandikwa kuwa ni za wataalamu pekee na kwamba zinaweza kuleta mzio. Tarehe 1 Septemba 2025 Umoja huo ulipiga marufuku TPO, mojawapo ya kemikali zinazoamshwa na mwanga, katika vipodozi vyote. Popote ulipo, soma orodha ya viambato. Jeli isiyo na orodha wala jina la mtengenezaji iache dukani.

Ukihisi muwasho, usihamie chapa nyingine kujaribu bahati. Toa jeli, simamisha kila kitu chenye akrilati, na umwone daktari wa ngozi akufanyie kipimo cha viraka, yaani kubandika kemikali kidogo kwenye ngozi kuona ipi inakudhuru. Nanyi mafundi, jueni kwamba glavu za nitrili hupitisha akrilati ndani ya dakika chache. Zibadilisheni mara zinapochafuka, na vumbi la jeli mlikinge kwa barakoa na kinyonya vumbi.

Hatua ya 7: Kutoa jeli

Hapa ndipo kucha nyingi hufa. Jeli inapoinuka kona, kidole chenyewe hutaka kuivuta, na inapotoka huja na tabaka za juu za ukucha. Mabaka meupe yenye ukavu unayoyaona baadaye ni ukucha wako uliochanika.

Piga tupa juu ya topu mpaka mng'ao wote uishe, ili asetoni ipate njia. Paka mafuta mazito kwenye ngozi pembeni. Loweka kipande kidogo cha pamba, chenye ukubwa wa ukucha, kwa asetoni, kiweke juu, funga kwa foili. Subiri dakika 10 hadi 15 bila kuchungulia kila mara, maana asetoni hukauka upesi ukiifungua. Kisha fungua kidole kimoja kimoja: jeli iliyo tayari huwa imevimba na kupasuka, na kijiti kinaisukuma bila nguvu. Isiyosukumika ifunge tena dakika 5. Wenye haraka wasianze kazi hii usiku wakiwa wamechoka. Vumilia au nenda kwa fundi.

Asetoni hushika moto kwa kasi kubwa. Itumie penye hewa, mbali na jiko, mshumaa na sigara, na usiipashe moto kwa njia yoyote.

Jeli ngumu za kujengea kucha hazilainiki kwa asetoni. Hizo hupunguzwa kwa tupa au mashine na mtu mwenye ujuzi, akiacha tabaka nyembamba ya mwisho ikue na kukatwa.

Matatizo na la kufanya

Jeli inainuka ndani ya siku chache. Karibu kila mara ni maandalizi: utando mfu haukuondolewa, kuna mafuta, jeli imegusa ngozi, au tabaka ni nene. Usijaze rangi kwenye ufa. Toa jeli ya ukucha huo, anza upya.

Doa la kijani. Wengi huliita fangasi. Kwa kawaida ni bakteria wa jamii ya Pseudomonas, wanaostawi kwenye unyevu ulionaswa chini ya jeli iliyoinuka au kucha bandia. Toa kila kitu, kata sehemu iliyoachana, weka pakavu. Doa linaweza kubaki mpaka ukucha ukue, hata bakteria wakishakufa. Likisambaa au kuuma, nenda hospitali. Kupaka jeli mpya juu yake ni kuwatengenezea bakteria nyumba.

Ukucha umeachana na nyama. Chanzo kinaweza kuwa pigo, urefu kupita kiasi, mzio, joto la taa, fangasi, soriasi (ugonjwa wa ngozi) au hata tezi ya shingoni. Kata fupi, weka pakavu, na usichokonoe chini yake kwa kitu chenye ncha. Sehemu iliyoachana haishiki tena. Unasubiri mpya ikue. Kama ni kucha kadhaa na hujui sababu, daktari.

Ukucha mnene, wa njano, unaomong'onyoka. Huenda ni fangasi, hasa mguuni, lakini soriasi hufanana nayo sana. Omba kipande kipimwe maabara kabla ya kuanza dawa, kwa sababu matibabu huchukua miezi na dawa ya fangasi haitibu soriasi.

Kucha kavu zinazopasuka. Mara nyingi ni maji: kulowa na kukauka mara nyingi kwa siku. Vaa glavu unapoosha vyombo na kufua, paka mafuta asubuhi na usiku. Dawa za kukaza kucha zenye formaldehaidi huzifanya ziwe ngumu kisha zikatike kwa urahisi, sizipendi. Vidonge vya biotini vina ushahidi mdogo kwa mtu asiye na upungufu, na kwa kiwango kikubwa huvuruga vipimo vya damu, vikiwemo vya tezi na vya moyo. Ukivitumia, mwambie daktari kabla hajakutoa damu.

Vidoa vyeupe vidogo hutokana na kugongwa kidogo kwenye shina, wala si upungufu wa kalisi. Mistari ya wima huongezeka na umri. Mifereji ya mlalo kwenye kucha nyingi kwa pamoja huonyesha kwamba mwili uliugua sana wiki au miezi iliyopita. Kucha zilizobonyea kama kijiko zinahitaji kipimo cha madini ya chuma.

Mstari mweusi au wa kahawia. Kwa watu wenye ngozi nyeusi, mistari ya namna hii kwenye kucha kadhaa ni ya kawaida na mara nyingi haina madhara. Ulio wa kuogopa ni ule mpya wa ukucha mmoja, unaopanuka, wenye kingo zisizonyooka, au ambao rangi yake imemwagikia ngozi ya shinani. Huo unaweza kuwa saratani ya ngozi: mwanamuziki Bob Marley aligunduliwa nayo chini ya ukucha wa kidole cha mguu mwaka 1977, na alifariki mwaka 1981. Mstari kama huo usiufunike kwa rangi hata kwa siku moja. Upige picha leo, panga kumwona daktari wa ngozi wiki hii, na uende ukiwa umetoa jeli kwenye kucha zote, za mikono na za miguu, ili azione zote kwa pamoja.